Mstaafu Amegoma Kula

Gereza la Wanawake
3 Machi

Kwako mkwe wangu,

Wamenipa karatasi moja na kalamu inayovuja, kwa hiyo salamu zichukulie kwamba zimeshafika. Mahakamani ulikuwepo. Ulimwona hakimu alivyoniinamia kama anayembembeleza mtoto anywe dawa: "Mama, andika tu samahani kwa kung'oa vigingi vya wapima ardhi, uende zako nyumbani." Nikamwambia siandiki. Watu wamepigilia vigingi uani kwangu, chini ya kamba yangu ya nguo, hata hodi hawakupiga. Nimeving'oa. Wakivirudisha nitaving'oa tena. Basi mpaka mwezi wa tisa nitakula chakula cha serikali.

Ninachokuandikia ni Mstaafu. Najua unamwogopa. Najua pia mtaa mzima unasema mwanamke anayefuga chatu ana lake jambo. Waambie jambo langu ni hili: miaka yote niliyotunza maabara ya shule, yule ndiye pekee ambaye hakuwahi kunikatiza nikizungumza. Maabara ilipofungwa ikaamriwa auawe kwa shoka. Nilimtia kwenye kapu langu la chakula nikatoka naye getini, mlinzi akanitakia mapumziko mema. Tulistaafishwa siku moja, mimi na yeye.

Sikukuachia wewe kwa kuwa nakupenda kuliko mwanangu. Tusidanganyane. Mwanangu anataka apendwe na kila apitaye njia, na mtu wa hivyo hafai kuachiwa kitu ambacho watu hawakipendi. Wewe hunipendi sana, lakini ukishika jambo huliachi. Nimekuona ukigombana na kifuniko cha chupa.

Panya wako kwenye friza, mfuko mweusi, usije ukaufungua mbele ya wageni. Mmoja kila baada ya wiki mbili hivi. Mwache ayeyuke, mpashe kwenye maji ya moto mpaka awe na joto la kiumbe hai, mshike mkia kwa koleo, mtikise mbele ya chungu anamojificha Mstaafu. Atamrukia ghafla. Usipige kelele.

Afande anayesoma barua kabla hazijatoka ameniuliza kama huyu ni nyoka kweli au ni mafumbo. Nimemwambia ni nyoka.

Mimi,
Mama Maabara

*

20 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako imefika. Sisi hatujambo. Nyumba ipo kama ulivyoiacha. Mwanao anakusalimu sana.

Mama, Mstaafu hajala.

Nilifanya ulivyosema. Kazini, pale tunapooka mikate, niliomba koleo kuukuu la kutolea trei kwenye tanuri, lina mpini mrefu, maana kwa koleo lako fupi nisingethubutu. Nilimwahidi Mungu kwamba nikitoka salama nitaacha kusengenya watu. Nikamning'iniza panya pale mbele, nikamtikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Mstaafu alitoa kichwa, akamwangalia panya, akaniangalia mimi, kisha akageukia kioo na kutupa mgongo sote wawili. Nimewahi kudharauliwa na watu, Mama, lakini si hivi.

Nimerudia na panya mwingine. Nimerudia tena. Wamebaki wanalala pale mpaka wananuka.

Mwanao anasema na mimi nikushauri uandike hiyo samahani. Anasema samahani haivunji mfupa. Mimi nimepeleka tu ujumbe.

Mkweo

*

Gereza la Wanawake
2 Aprili

Kwako mkwe wangu,

Mwambie mume wako: samahani haivunji mfupa, lakini inahamisha ukuta. Nikiandika nimekosa kung'oa, nitakuwa nimeandika kwamba walikuwa na haki ya kupigilia. Nina umri wa kutosha kujua karatasi zinavyosomwa.

Sasa Mstaafu. Kwanza tulia. Chatu anaweza kukaa miezi bila kula na asife. Anayekufa haraka ni mfugaji, kwa wasiwasi. Mwangalie macho. Yakiwa na ukungu wa buluu, kama maji yaliyotiwa tone la maziwa, anakaribia kujivua ngozi, na wakati huo hali. Yakiwa safi, gusa kioo upande wa taa ya joto. Usipousikia uvuguvugu, mwili wake hauwezi kusaga chakula, na yeye analijua hilo kabla yako.

Panya awe wa moto, hasa kichwani. Chatu huona joto kabla hajaona umbo. Ukimpa panya baridi ni kama umempa soksi.

Na usimshikeshike! Najua mnamtoa kumwonyesha watu. Usimtoe, usimpime, usimbembeleze. Mpe, asipotaka ondoa, kaa wiki nzima kama humjui.

Humu tunalala wengi chumba kimoja na wote sasa wanamjua Mstaafu. Kuna binti aliyeingia kwa kumpiga mwajiri wake kwa sufuria. Anasema mwache tu, huenda ana sababu zake. Nimempenda.

Mama Maabara

*

21 Aprili

Mama, shikamoo.

Macho yake ni safi. Joto lipo. Panya nilimpasha mpaka nikaogopa ataiva. Hakula.

Nimejaribu mambo mengi nikuambie yote usije ukasema mimi mzembe. Nimemsogeza karibu na dirisha apate jua la asubuhi, maana linaingia zuri. Akajifungia chunguni. Nikamrudisha kwenye kabati, lakini pale ndipo ilipo televisheni, na mwanao hawezi kuangalia mpira bila sauti kubwa. Na watoto wa juu wakianza kuruka kamba, kioo chote kinatetemeka, na Mstaafu anajikunja mpaka anakuwa kama ngumi. Amepungua, Mama. Mgongo umeanza kutokeza kama paa la hema.

Jumapili mwanao alikuja na rafiki yake mmoja anayejidai anajua wanyama. Alikuwa na kijiti na kipande cha nyama. Akasema nyoka akigoma unamfungua mdomo kwa nguvu, unasukuma mpaka kooni, basi. Mwanao akaniambia nimshike kichwa.

Nikasema sishiki.

Akasema, "Wewe si ulikuwa unamwogopa? Leo umekuwa wakili wake?"

Nikasema bado namwogopa, na sishiki, na wala hashikwi. Nikakaa juu ya kifuniko cha sanduku. Rafiki yake akasubiri, akasubiri, mwisho akala ile nyama mwenyewe kwa mkate wangu, akaenda zake. 

Nisaidie, Mama. Sijui nifanye nini kingine.

Mkweo

*

Gereza la Wanawake
29 Aprili

Mkwe,

Nyumba yangu dirisha lake moja linatazama magharibi. Jua la asubuhi halijawahi kuingia humo tangu nijenge.

Na watoto wa juu ni watoto gani? Juu ya nyumba yangu kuna bati, na juu ya bati kuna Mungu.

Mstaafu hajala kwa sababu amehamishwa. Amewekwa mahali penye mwanga, penye kelele, panapotikisika, asipopajua. Hata mimi nisingekula. Mimi hapa nakula kwa kulazimishwa na king'ora.

Sikuulizi tena juu ya nyoka. Nakuuliza hivi: uko wapi? Na nyumba yangu iko wapi?

Jibu upesi, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama Maabara

*

9 Mei

Mama, shikamoo.

Sikuandikii kuomba samahani, maana najua unavyolipima hilo neno. Nakuandikia ukweli.

Wiki ile ile uliyofungwa, watu wa kampuni ya maghala, wale wale waliotuma wapima ardhi, walimjia mwanao. Walimwambia kila familia itakayokubali mapema itapewa fleti, na atakayechelewa atabaki na hewa. Alitia sahihi kwa niaba ya familia. Walitupa funguo tukahamia ghorofa ya pili. Aliniambia nisikuandikie, kwamba ukijua presha itakuua humo ndani. Nami nikakaa kimya nikidhani nakulinda. Kumbe nilikuwa nalinda televisheni.

Nyumba yako haijavunjwa. Ipo. Ilikuwa imefungwa kwa mnyororo, wakisubiri mvua zipite.

Nasema "ilikuwa" kwa sababu nimeufungua. Juzi barua yako ilipofika niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaenda kazini, nikakanda unga wote wa siku ile bila kusema neno, hata msimamizi akauliza kama nina msiba. Niliporudi nilimfunga Mstaafu kwenye foronya, foronya nikaitia kapuni, nikabeba sanduku lake mgongoni kama kobe. Mwanao alikuwa mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nampeleka mgonjwa kwao."

"Ukitoka na hilo linyoka usirudi."

"Nyumba ni ya mama yako," nikamwambia. "Ukinikosa huku, unajua njia."

Mnyororo ulikatwa na fundi baiskeli wa pale kona. Aliniuliza kama nina kibali. Nikamwonyesha kapu. Hakuuliza tena.

Jana asubuhi wakaja na ngazi kuezua bati. Nilikuwa ndani nafagia.

"Nani humo?" msimamizi wao akapaza sauti.

"Mwenyewe."

"Mwenye nyumba yuko jela!"

"Mwenye nyumba yuko jela," nikasema, "mkwe wake yuko mlangoni, na aliye chumbani ni chatu ambaye hajala tangu mwezi wa pili. Karibuni. Ila muingie mmoja mmoja."

Walicheka. Msimamizi akaingia. Mama, alitoka kinyumenyume akiwa ameshikilia kofia yake, na yule wa kwenye ngazi akashuka bila kutumia ngazi. Wamesema watarudi na polisi. Wamekata maji. Jirani wa nyuma, yule mliyekosana kwa ajili ya kuku, amenipitishia mpira wa maji juu ya ukuta. Aliufungulia mwenyewe.

Sitoki, Mama. Sasa niambie jinsi ya kumlisha.

Mkweo

*

Gereza la Wanawake
19 Mei

Kwako mkwe wangu,

Nilianza kukusoma nikiwa na hasira ya kuvunja kikombe. Nilipofika kwenye foronya nikaomba nafasi ya kukaa. Nilipofika kwa mtu wa ngazi nikaisoma kwa sauti, chumba kizima kikapiga makofi, tukanyimwa kutoka kwenda uani jioni ile. Hakuna aliyelalamika.

Mwanangu niachie mimi. Usimtetee wala usimkaange. Nilimzaa peke yangu, nitamalizana naye peke yangu.

Nimeandika kwa baraza la ardhi. Nimesema nyumba ni yangu, mkono ulioijenga ni huu, na sahihi isiyotoka kwenye mkono huu si yangu. Afande ameipeleka mwenyewe kwa mkuu wa gereza, naye ameigonga muhuri; nakala yako nimeiambatanisha humu.

Sasa sikiliza. Sanduku lirudishe pale pale lilipokuwa, kona ya ndani, sakafuni, si juu ya kitu. Funika pande tatu kwa magunia yenu ya unga, abakiwe na upande mmoja wa kuchungulia dunia. Chungu kiwe kidogo, akiingia kuta zimguse mwilini, hapo ndipo anaamini hakuna anayemjia kwa nyuma. Maji safi. Kisha mwache. Asahau safari. Usimpe chochote mpaka utakapomwona jioni anatoka chunguni taratibu, ulimi nje, akilikagua sanduku kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka safari.

Siku hiyo mpe panya mdogo kuliko aliozoea. Mpashe. Usimtikise, wala usisimame hapo ukiomba dua. Mlaze mlangoni mwa chungu, zima taa ya chumba, toka, funga mlango. Usichungulie! Nyoka si mgonjwa wa kulishwa kwa kijiko. Hali mbele ya mtu mwenye wasiwasi, na wewe wasiwasi unakutoka kama moshi.

Asipokula, toa panya asubuhi, rudi tena baadaye. Wewe na yeye, tuone nani atachoka kwanza.

Mama Maabara

*

3 Juni

Mama!

Amekula.

Ngoja nikuambie kwa utaratibu. Polisi walikuja, wakasoma nakala ya barua yako kwa baraza, wakamwambia msimamizi asubiri kesi isikilizwe. Nikabaki. Mstaafu mara ya kwanza hakula. Mara ya pili pia. Nilitoa panya, nikamwambia, "Sawa, mimi nakula," nikala mkate wangu mbele yake.

Jana nikitoka kazini nilimkuta nje ya chungu, anajivuta kando ya kioo, ulimi unaingia na kutoka. Niliogopa hata kupumua. Nikampasha panya, nikamlaza, nikatoka kukaa kwenye ngazi ya mlango. Hapo ndipo mwanao akatokea.

Akaanza: "Unaniaibisha. Watu wote wanasema mke wangu anaishi na nyoka."

"Sema polepole."

"Sisemi polepole! Unajua nilivyohangaika kuipata ile fleti? Niliogopa Mama atatoka jela akute hana pa kulala!"

"Ukaamua umtafutie pa kulala kwa kugawa pale anapolala."

Akataka kuendelea. Nikamwambia, "Kaa. Nyamaza. Kuna mtu anajaribu kula."

Akakaa, Mama. Sijui kwa nini, lakini alikaa. Tulikaa hivyo mpaka ndani ukasikika mshindo mdogo, kama donge la unga likianguka mezani.

"Nini hicho?"

"Mstaafu."

Najua ulinikataza kuchungulia. Tulichungulia. Wote wawili, kichwa juu ya kichwa, kwenye tundu la ufunguo, kama watoto. Kwa mwanga wa taa yake ya joto tulimwona amemzungushia panya mwili wote, mizunguko mitatu, amemkumbatia hasa. Baadaye akaanza kumeza kuanzia kichwani, pole pole, taya zikipanuka kwa zamu. Tukaangalia mpaka mkia ukaisha. Mwanao mkono wake ulikuwa begani kwangu na nadhani hakujua.

Kisha akauliza, "Mama anajua nilichofanya?"

"Yote."

Akaondoka bila kuaga. Mimi nilibaki pale chini nikilia kama niliyefiwa, kwa ajili ya nyoka, Mama, mimi!

Kesi inasikilizwa mwisho wa mwezi.

Mkweo

*

Gereza la Wanawake
14 Juni

Mwanangu,

Afande hakungoja kunikabidhi. Alipaza sauti kutoka lango la kwanza: "Amekula!" Wapishi wakatoka jikoni. Binti wa sufuria alinibeba juu juu, na mimi si mwepesi.

Sasa usilewe ushindi. Usimshike siku kadhaa, atatapika. Usimpe mwingine mpaka uvimbe wa tumbo uishe kabisa.

Mkuu wa gereza aliniita na ile karatasi ya samahani ya mahakamani. Safari hii wamepunguza, hawataki hata samahani, wanataka niandike neno moja tu: najuta. Nikamwambia sijuti, nikiandika najuta nitakuwa nimedanganya kwenye karatasi ya serikali, na hilo ni kosa jipya. Akairudisha kwenye droo. Nitatoka mwezi wa tisa kwa mlango mkubwa, nikiwa na maneno yangu yote.

Siku ya baraza usivae nguo za kuombea huruma. Vaa aproni yako ya kazi, na unga wake.

Mama Maabara

*

8 Julai

Mama yangu, shikamoo.

Nilivaa aproni. Mwenyekiti wa baraza aliniuliza kwa nini niko ndani ya nyumba iliyokwisha kukabidhiwa. Nikasema nilikuwa nauguza. Wakili wa kampuni akasimama, akasema mgonjwa mwenyewe ni nyoka hatari anayetumika kutisha wafanyakazi. Nikamwuliza kama ameng'atwa mtu. Hakuna. Nikamwuliza basi hao wafanyakazi walitishwa na nini, na nyoka alikuwa amefungiwa ndani ya kioo, amedhoofu, hajala miezi? Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Kisha mwanao akanyoosha mkono. Sikujua kama amekuja. Alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alisimama akasema, "Sahihi ile ni yangu. Mama hakunituma, na kama ningemwuliza angekataa, ndiyo maana sikumwuliza." Alipoambiwa akae alibaki amesimama.

Wamefuta sahihi, Mama. Wamesema mwenye nyumba ni wewe, na hakuna atakayegusa kitu mpaka wewe mwenyewe ukae mezani nao kwa hiari yako. Nilitaka nikuandikie kwamba tumeshinda, lakini nitakuwa nakupaka mafuta. Kampuni wamesema watarudi. Wiki iliyopita walituletea karatasi: mwezi wa kumi wanakuja na wapimaji wapya na mazungumzo mapya, na mpaka hapo tunashauriwa tusifanye ukarabati wala maboresho yoyote, kwa kuwa hayatahesabiwa.

Fleti tumerudisha funguo. Mwanao amehamia hapa. Analala sebuleni, mlango wa Mstaafu ameuwekea kiti kwa nje, na asubuhi anauliza Mstaafu yuko wapi kabla hajashusha miguu chini. Hatujapatana kwa yote. Kuna siku tunaongea, kuna siku tunapishana. Mstaafu amekula mara ya pili, kwa haraka zaidi, na mgongo wake umeanza kujaa.

Ile karatasi ya kampuni tuliisoma mezani, mimi na yeye. Aliirudia mara mbili. Kisha akainuka, akatoka, akarudi na ndoo mbili za rangi na brashi, buluu kali, ya kuonekana toka barabarani. Tumemaliza ukuta wa mbele na wa kushoto. Jirani wa nyuma ameomba iliyobaki apake wa kwake.

Leo asubuhi gari lao lilipita polepole, likasimama, vioo vikashuka. Mwanao alikuwa juu ya kiti anamalizia juu ya mlango. Hakugeuka. Aliwaambia tu, "Msiguse. Rangi bado mbichi."

Mwanao wa pili,
Mkweo